Leseni ya ArcMap imegoma baada ya stima kukatika, Pro haisakiniki, QGIS inasogeza ramani

mikoko_langoni aliuliza:

Assalaam aleikum jamaa. Naomba msaada wa wenye kuzijua hizi programu za ramani.

Ofisi iko Lamu mjini, Langoni. Tuna kompyuta sita za mezani na laptopu mbili. ArcMap ni 10.8.2, leseni tatu za kugawana. License Manager imekaa kwenye mashine kuukuu ya Windows 10 chumba cha juu, na zile nyingine zinaomba leseni kutoka kwayo kupitia raouta. Stima ilipotea usiku na iliporudi, mambo yakawa hivi:

Kwenye seva yenyewe ArcMap inasema "System clock has been set back", nambari -88. Mashine nne zinasema "Cannot connect to license server system", nambari -15. Ya tano, peke yake, inatoa -97. Zote zilikuwa sawa jana yake.

Kando na hayo, laptopu mpya tunataka kuiwekea ArcGIS Pro 3.4. Kisakinishi kinadai .NET. Tumeweka .NET Framework 4.8 na bado kinadai.

Laptopu ya pili ina QGIS 3.40. Inafunguka vizuri, ila tabaka la mikoko ya upande wa Manda, ambalo liko kwenye mfumo wa koodineti wa Arc 1960, limekaa mbali na picha ya setilaiti. Juu ya ramani kuna ujumbe mrefu unaotaja proj.db na kumalizia "It comes from another PROJ installation". Kabla ya hapo ilikuwa haina neno. Kilichoongezwa ni hifadhidata ya PostgreSQL pamoja na PostGIS, nyongeza yake ya ramani.

Kuna kijana hapa anasema tufute kila kitu tuanze upya. Mwingine ameleta fleshi yenye "toleo lililokwisha kufunguliwa, halihitaji leseni". Intaneti yetu ni ya bando, kwa hivyo kupakua gigabaiti juu ya gigabaiti si mchezo. Tuanzie wapi?

---

fundi_mawimbi (Malindi) alijibu:

Waaleikum salaam dadangu. Kwanza mwambie huyo kijana aondoe mkono kwenye kitufe cha kufuta. Hakuna hata tatizo moja kati ya hayo uliyotaja linaloponywa kwa kusakinisha upya, na la leseni linaweza kuzidi: ukiiondoa License Manager, au ukiipiga Windows ya seva upya kabla leseni hazijarudishwa kwa njia yake, hizo leseni tatu zitabaki zimehesabiwa kwenye mashine isiyokuwapo tena, na utaanza kuandikiana barua na muuzaji.

Umefanya jambo moja zuri sana, nalo ni kuandika nambari. Watu wengi huja hapa na "leseni imekataa" basi. Mfumo wa leseni wa ArcMap ni FlexNet, na kila nambari yake ina maana yake:

-4: leseni zote zimeshachukuliwa, ngoja mwenzako afunge.
-5: hiyo leseni unayoiomba haimo kwenye seva.
-10: leseni imeisha muda.
-15: sikuifikia seva kabisa.
-31: tarehe ya kuanza leseni bado haijafika (yaani saa ya mashine imerudi nyuma mno).
-88: saa imerudishwa nyuma.
-96: seva haijibu.
-97: seva nimeifikia, lakini mgawaji wa leseni amelala.

Sasa soma zako kwa pamoja. License Manager ni programu mbili. Ya kwanza, lmgrd, ni bawabu: anakaa poti 27000 na kukuelekeza. Ya pili, ARCGIS, ndiye karani anayetoa leseni. Kwenye seva saa imerudi nyuma, kwa hivyo karani amekataa kuamka, na hiyo ndiyo -88. Mashine ya tano imefika kwa bawabu na kuambiwa karani hayupo: -97. Zile nne hazikufika hata mlangoni: -15. Hapo una magonjwa mawili, usiyachanganye.

Saa. Mashine kuukuu ikikatiwa stima na saa ikarudi mwaka wa zamani, ni betri ya bodi. Mara nyingi ni CR2032, ya volti 3. Zima, chomoa waya wa stima, toa betri, ipime kwa mita. Ikiwa chini ya volti 2.7 usihangaike nayo. Kwa huku kwetu pwani angalia pia vile vibati vinavyoishika. Hewa ya chumvi huvifanyia kutu ya kijani, na hapo hata betri mpya haitashika. Visugue kwa kitambaa chenye spiriti, viache vikauke, ndipo uweke mpya. Kaa chonjo na betri za dukani zilizokaa kwenye jua; ipime kabla ya kulipa.

Ukiwasha, ingia BIOS kwanza uweke tarehe na saa. Halafu kwenye Windows hakikisha ukanda wa saa ni wa Nairobi, UTC+3. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

w32tm /resync

Ikikataa, huduma ya Windows Time imezimwa; iwashe kwenye services.msc ujaribu tena. Kisha washa upya huduma ya ArcGIS License Manager hapo hapo kwenye services.msc.

Kuna tofauti moja watu huipuuza. Saa ikirudi nyuma kisha ukaisahihisha, kwa kawaida mambo hupona. Balaa ni saa ikienda *mbele*, mathalani mwaka mzima, huduma ikafanya kazi hivyo, kisha ukairudisha. Hapo kumbukumbu ya leseni imeshaandika tarehe ya mbele, na kila ukiwasha inaiona leo kuwa ni jana. Kwa hiyo usijaribu kubahatisha tarehe. Ukiona -88 haiondoki hata saa ikiwa sahihi, nenda kwenye License Server Administrator, sehemu ya kukarabati leseni. Usiguse faili za leseni kwa mkono.

Mashine nne. Nenda kwenye seva, andika ipconfig, usome anwani yake. Kisha kwenye moja ya zile nne fungua ArcGIS Administrator utazame seva ya leseni imeandikwaje. Nabashiri utakuta nambari kama 192.168 nukta kadhaa, tofauti na ya sasa, na ile mashine ya tano utakuta imeandikiwa *jina* la seva. Raouta ilipozimika na kuwaka, iligawa anwani upya. Waandikie wote jina. Halafu ingia kwenye raouta uihifadhie seva anwani moja ya kudumu kwa kutumia MAC yake (nambari ya kadi yake ya mtandao), maana jina nalo wakati mwingine husumbua kwenye mtandao mdogo usio na DNS yake (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani).

Kabla hujafungua ArcMap, pima njia. Kwenye PowerShell ya mashine ya kawaida:

Test-NetConnection JINA-LA-SEVA -Port 27000

TcpTestSucceeded ikiwa True, bawabu anaonekana. Ikiwa False, tazama kwenye seva:

Get-NetConnectionProfile

Windows ikiona raouta imebadilika huuchukulia mtandao kuwa mpya na kuuita Public, na fayawoli hufunga kila kitu. Ubadilishe uwe Private. Kama kuna mashine zinazotumia waifai, hakikisha raouta haijawashwa kile kipengele cha kutenga vifaa visionane. Kikiwashwa, intaneti itaingia vizuri tu lakini mashine hazitaonana, na utazunguka mchana kutwa.

Rudi utuambie.

---

mpimaji_mokowe alijibu:

Bwana fundi amemaliza upande wa seva. Mimi naichukua Pro.

Jina .NET limewachanganya wengi. .NET Framework 4.8 ni ukoo wa zamani, ndio ulikuwa wa ArcMap. Pro tangu 3.0 inataka *.NET Desktop Runtime*, tena toleo maalumu: 3.0 hadi 3.2 zinataka ya 6, na kuanzia 3.3 inataka ya 8. Ya 9 haiwi badala ya 8. Na ukifika kwenye ukurasa wa Microsoft utakuta mafaili matatu manne yanayofanana: SDK, ASP.NET Core Runtime, .NET Runtime, na Desktop Runtime. Unataka hii ya mwisho, x64. Jina la faili linaanza na windowsdesktop-runtime-8.0 na kuishia win-x64.exe. Ni megabaiti hamsini na ushei tu, bando itakuvumilia.

Ukishaiweka, hakikisha:

dotnet --list-runtimes

Lazima uone mstari wa Microsoft.WindowsDesktop.App 8.0 na njia ya C:\Program Files\dotnet. Ukiona imetajwa Program Files (x86), umeweka ya x86 na kisakinishi kitaendelea kulalamika. Na baadaye mtu asije "kusafisha" laptopu akaiondoa hiyo runtime kwa kuiona haina kazi. Pro haitafunguka.

Tazama nafasi kwenye diski pia: Esri, watengenezaji wa ArcGIS, wanataka gigabaiti 32 ziwe wazi, na RAM isipungue 8. Kwa RAM 8 itafunguka, lakini ukiweka picha ya setilaiti na tabaka tano utaisikia feni ikilia. Mimi chini ya 16 siishauri kwa kazi ya kweli.

Kama mnanakili kisakinishi kwa fleshi kutoka ofisi nyingine, nakili folda nzima. Wengi huchukua faili la .msi peke yake wakaacha lile la .cab lililo pembeni, kumbe mzigo wenyewe umo kwenye .cab. Na kabla ya kuanza, linganisha alama ya faili na ya lile la asili, kwa sababu kupakua kwa bando inayokatika huacha faili lenye ukubwa unaokaribia lakini bovu:

certutil -hashfile JINA-LA-FAILI SHA256

Usakinishaji ukianguka na nambari 1603, hiyo nambari haina maana yoyote zaidi ya "nimeshindwa". Irudie kwa kuandika logi, kwenye dirisha la amri la msimamizi:

msiexec /i ArcGISPro.msi /l*v C:\logi.txt

Fungua logi.txt, tafuta maneno "Return value 3". Sababu yenyewe huwa mistari michache *juu* ya hapo: faili lililozuiwa na antivirusi, folda isiyo na ruhusa, au sasisho la Windows linalongoja mashine iwashwe upya. Hilo la mwisho ndilo la mara nyingi, basi washa upya kwanza kabla ya kusumbuka na logi.

Leseni ya Pro je? Hukusema ni ya aina gani. Kama ni ya jina la mtumiaji, hiyo haipiti kwenye seva yenu ya chumba cha juu. Unaingia kwa akaunti ya ArcGIS Online, na msimamizi wa akaunti lazima awe amekupa leseni ya Pro. Ukiingia na kuambiwa akaunti haina leseni, kosa haliko kwenye laptopu: msimamizi atazame aina ya mtumiaji uliyopewa. Viewer haibebi Pro. Creator inabeba ile ya Basic.

Na kama mtaipeleka laptopu Kiunga au Kizingitini ambako mtandao ni wa kubahatisha, ichukueni leseni nje ya mtandao *mkiwa bado mjini*. Ni kwenye Settings, Licensing, unaweka alama kwenye kuidhinisha Pro kufanya kazi bila intaneti. Mkirudi mnaondoa ile alama mkiwa mtandaoni, leseni inarudi. Laptopu ikifutwa kabla ya kurudisha, hiyo leseni imekwama huko na msimamizi ndiye atakayehangaika kuikomboa. Andikeni karatasi mbandike chini ya laptopu, sifanyi mzaha.

---

binti_shela alijibu:

Dada mikoko, QGIS yako haina ugonjwa. PostGIS ndiyo imeweka alama njiani na QGIS inaifuata.

QGIS hutumia maktaba iitwayo PROJ kugeuza koodineti, na PROJ husoma mifumo yote ya dunia kutoka faili moja, proj.db. QGIS inalo lake, PostGIS inalo lake la toleo jingine. Kisakinishi cha PostGIS huandika kwenye Windows kigeu cha mazingira (mpangilio wa mfumo ambao programu nyingine huusoma) kiitwacho PROJ_LIB (na GDAL_DATA) kinachoelekeza kwenye folda yake. QGIS ikiwaka inakiona, inakwenda kufungua proj.db isiyo yake, toleo halilingani, inashindwa kuitambua Arc 1960, na tabaka linachorwa bila mgeuzo.

Thibitisha. Dirisha la amri:

set PROJ

Ukiona PROJ_LIB inataja PostgreSQL, umeshamkamata. Sasa kuna njia mbili. Ya haraka ni kukifuta kigeu kwenye Windows, lakini PostGIS nayo inaweza kukihitaji, utakuwa umetoa huku na kuharibu kule. Njia ninayoipenda ni kuiambia QGIS peke yake: Settings, Options, System, sehemu ya Environment, weka alama ya kutumia vigeu vyako. Chagua Overwrite, jina PROJ_LIB, thamani ni folda ya share\proj iliyo ndani ya QGIS yenyewe, mathalani C:\Program Files\QGIS 3.40.x\share\proj (andika nambari kamili ya folda yako). Hakikisha kwa macho kwamba humo ndani mna proj.db. Funga QGIS, fungua upya. Kama `set PROJ` imekuonyesha pia PROJ_DATA, ifanyie vivyo hivyo, kwa sababu matoleo mapya ya PROJ husoma hiyo kwanza.

Ujumbe ukiondoka, usidhani ramani imekaa sawa hapo hapo. Mradi uliohifadhiwa wakati wa kosa unaweza kuwa umeandika tabaka kuwa halina mfumo. Bofya kialama cha swali pembeni mwa tabaka uchague tena Arc 1960 / UTM zone 37S, EPSG:21037. Picha ya setilaiti pengine iko WGS 84 (mfumo wa GPS) / UTM zone 37S, EPSG:32737. Kati ya datumu hizi mbili (misingi ambayo koodineti hupimwa kwayo) kuna kama mita 300 kwa huku kwetu, nyingi zikiwa za kaskazini na kusini. Kwa hiyo ukiona mikoko imehama mita mia tatu na kitu, mgeuzo wa datumu haujafanyika. Ukiona imeruka kwenda upande mwingine wa dunia, mtu amechagua 37N. Lamu yote hadi Kiunga iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo ni 37S tu.

Vipimo vya kukumbuka ili usidanganyike, kwa WGS 84: Lamu mjini ni karibu 711000 mashariki na 9749000 kaskazini. Malindi ni karibu 624000 na 9644000. Nambari ya kaskazini ikianza na hasi, umeshika 37N.

Mgeuzo unaotumika unaonekana kwenye Project, Properties, Transformations. Ule wa wastani wa Kenya na Tanzania una vigezo -160, -6, -302. QGIS ikikupa orodha ya kuchagua, soma eneo lililoandikwa kando ya kila mmoja na usibofye wa kwanza kwa mazoea. Na ofisi nzima itumie mmoja. Ukitumia huu na mwenzako ule, mipaka ya kiwanja kimoja itatofautiana kwa mita kadhaa na mtagombana bure.

Kwa habari ya bando: mashine zote sita zikitaka QGIS, msipakue mara sita. Kile kisakinishi cha MSI kinazidi gigabaiti moja na kikikatika katikati kwenye kivinjari unaanza upya. Chukueni osgeo4w-setup.exe. Kwenye mashine moja chagua Advanced, halafu "Download Without Installing", uchague kifurushi cha qgis-ltr. Hiki hushusha vipande vidogo vidogo, kikikatika unaendelea ulipofika. Nakili folda ile kwenye diski ya nje, na kwenye mashine nyingine chagua "Install from Local Directory". Hakuna hata megabaiti moja itakayotumika tena. Mashine za Windows 7, kama mnazo, ziishie 3.16. Matoleo mapya yanakuja na Python isiyoikubali Windows 7.

Na ile fleshi ya "toleo lililofunguliwa", yakhe, irudisheni kwa mwenyewe bila kuichomeka. Acha uhalali kidogo, tutazame ufundi tu. Hayo matoleo hubadilisha faili za .dll za leseni, huacha huduma ya leseni ya uongo inayokalia poti 27000 ile ile ya seva yenu, na mara nyingi huongeza mistari kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts ili mashine isifike kwa mtengenezaji. Miezi baadaye mnanunua leseni halali, mnaingiza akaunti, inakataa, na hakuna anayekumbuka hosts. Mkinunua mashine ya mtumba, faili hilo litazameni kwanza. QGIS ni ya bure na halali kwa mashine zote mnazotaka, sasa ya nini kuiba?

---

mikoko_langoni aliandika:

Ahsanteni sana, Mola awazidishie. Nawapa mrejesho.

Betri ilikuwa volti 1.9. Imebadilishwa, saa imekaa, -88 imekwisha. Anwani nayo ilikuwa kama alivyobashiri bwana fundi: mashine nne zilikuwa na nambari, moja ina jina. Tumeziandikia zote jina. Laptopu ya Pro imekubali baada ya Desktop Runtime 8. Mikoko imerudi mahali pake.

Kimebaki kimoja. ArcMap kwenye seva yenyewe inafunguka. Kwenye mashine nyingine Test-NetConnection kwa 27000 inasema True, lakini sasa ArcMap inatoa -96. Fayawoli ya seva ilishafunguliwa na mtu zamani, nimeona sheria mbili: moja ya 27000 na nyingine ya 49731.

Na swali la nyongeza: mwenzetu mmoja anahamia Malindi, atakuwa anaiomba leseni kwa VPN (njia ya faragha ya kufikia mtandao wa ofisi kupitia intaneti). Itawezekana?

---

fundi_mawimbi alijibu:

Hiyo 49731 ndiyo jibu lako. Bawabu ana poti yake ya kudumu, karani hana. Kila huduma inapowaka, ARCGIS hupewa poti yoyote iliyo wazi. Aliyefungua fayawoli alitazama poti ya siku ile akaifungua hiyo. Ikafanya kazi mpaka seva ilipozimika, na sasa karani yuko kwenye poti nyingine iliyofungwa. Seva yenyewe haipiti kwenye fayawoli, ndiyo maana haina shida.

Mpangie karani poti. Simamisha huduma. Fungua Notepad kama msimamizi, ufungue service.txt, kwa kawaida iko C:\Program Files (x86)\ArcGIS\LicenseManager\bin. Utaona mstari:

VENDOR ARCGIS

Ufanye uwe:

VENDOR ARCGIS PORT=5152

Usiguse mstari mwingine wowote humo. Hifadhi, na uangalie Notepad isiongeze .txt ya pili. Kwenye License Server Administrator bonyeza "Re-Read Licenses", kisha uanzishe huduma. Futa ile sheria ya 49731, uweke hii:

netsh advfirewall firewall add rule name="Leseni ArcGIS" dir=in action=allow protocol=TCP localport=27000,5152

Jaribu Test-NetConnection kwa 5152 pia. Ikiwa bado, soma lmgrd9.log kwenye folda hiyo hiyo ya bin. Mwishoni kabisa itaonyesha ARCGIS imeanza kwa poti gani, au kwa nini imekataa.

Kuhusu Malindi: inawezekana, ila FlexNet kwenye Windows haina subira, husubiri jibu sehemu ndogo sana ya sekunde kisha husema seva haipo. Kwa VPN inayopitia mtandao wa simu, jibu huchelewa kuliko hapo. Kwenye mashine ya huyo mwenzenu ongeza kigeu cha mazingira cha mfumo, jina FLEXLM_TIMEOUT, thamani 5000000. Hiyo ni mikrosekunde, yaani sekunde tano. Washa upya mashine. VPN nayo lazima ipitishe 27000 na 5152, zote mbili.

Lakini kama hafanyi kazi kila siku, heri aazime. Akiwa Lamu, kwenye ArcGIS Administrator, Borrow/Return, achukue leseni aende nayo. Haitahitaji VPN hata kidogo. Mjue tu kwamba iliyoazimwa inahesabiwa: ofisini mtabaki na mbili mpaka airudishe.

---

mpimaji_mokowe aliandika:

Nyongeza fupi kabla hamjajenga VPN kwa ajili ya ArcMap. 10.8.2 ndilo toleo la mwisho, na Esri waliweka 1 Machi 2026 kuwa mwisho wa kulihudumia. Itaendelea kufunguka, lakini haitafanyiwa marekebisho. Miradi ya .mxd huagizwa ndani ya Pro bila shida kubwa. Kinachovunjika ni hati za Python 2.7, hasa zinazotumia arcpy.mapping, ambayo kwenye Pro ni arcpy.mp. Kama mnazo, anzeni nazo hizo. Na mkiijaribu Pro kwa License Manager hiyo hiyo, kumbukeni isiwe ya zamani kuliko programu inayoomba leseni. Seva huongezwa toleo kwanza, mashine baadaye.

---

mikoko_langoni aliandika:

5152 imekubali, mashine zote zimepata leseni. Mwenzetu ataazima, VPN tumeiacha. Hati za Python tunazo nne, nitafungua uzi mwingine kuziuliza.